Nyumba ya Mzee Issa na Rangi ya Ugeni

Waliostaafu kabla yangu walikuwa na desturi nzuri ya kuwaachia vijana maneno matamu. Kazi ilikuwa wito, wenzangu walikuwa ndugu, na mambo mengine ya kusomwa siku ya keki na soda. Mimi nilikula keki nikanyamaza. Maneno yangu nimeyaleta huku, niyaandike nikiwa nimekaa, bila mtu wa kunipungia mkono kwamba muda umekwisha.

Nawaandikia nyie mliobaki kwenye ofisi ile, hasa nyie wawili mliorithi meza yangu na kuanza kugombea upande wa dirishani kabla sijaondoa kikombe changu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Nilipanda nilipopandishwa, nikalipwa nilicholipwa. Ninachotaka mjue ni kazi yenyewe, maana nina wasiwasi kwamba hakuna aliyewaambia ni kazi gani.

Kazi yangu ilikuwa kukagua vibao, mabango na vipenu kwenye majengo ya zamani ya katikati ya mji wa Songea. Mtu akitaka kupachika kibao juu ya duka lake, au kushikiza kipenu cha bati mbele ya baraza ili wateja wasinyeshewe, alileta ombi. Mimi nilikwenda kuangalia kama jengo litaumia au litazibwa, kisha nikapeleka maoni yangu kwenye kamati. Basi, ndiyo kazi yote. Nikiieleza msibani, watu walikuwa wananisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu wananiuliza, "Sasa kazi ya ofisini unafanya saa ngapi?"

Niliripoti mwezi wa sita, baridi ya kwetu ile inayomfanya mtu azungumze huku mikono ikiwa kwapani. Mkuu wa idara wa wakati huo alinitazama, akatazama chumba kisichokuwa na kiti cha ziada, akasema, "Wewe mama una macho mazuri. Shika mabango." Sikujua kwamba mabango ndiyo kazi waliyokuwa wanampa mtu ambaye hawana pa kumweka. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu nimepewa jukumu zito.

Aliyenifundisha ni Mzee Haule, mchora ramani aliyekuwa anakaribia kustaafu. Alivaa sweta moja la kijivu kiangazi na masika, na mfukoni alikuwa na karanga za kukaanga ambazo hakumpa mtu. Siku ya kwanza alinipeleka mtaa wa maduka ya zamani, akanisimamisha mbele ya duka la dawa, akaniuliza naona nini. Nikasema naona kibao cha duka la dawa. Akanishika mkono, tukavuka barabara, akaniuliza tena. Kutoka ng'ambo ile niliona nguzo sita za baraza, matao yake, na kile kikuta kinachosimama juu mbele ya paa kikiwa na maua ya plasta yaliyofinyangwa kwa mkono. Kibao kilikuwa kimeyakata maua yale katikati.

"Anayesimama chini ya kibao anaona dawa," akasema. "Anayevuka anaona mji. Wewe unalipwa kuvuka."

Chombo chetu kikubwa kilikuwa jora la kitambaa cha marekani. Mtu akiomba kuweka kibao, hatukumwuliza vipimo tukatosheka. Tulikata kitambaa ukubwa uleule, tukakitundika palepale alipotaka kibao kikae, tukakiacha siku nzima. Mwenye duka mwenyewe tulimvusha barabara aone. Wengi walipoona jinsi kitambaa kilivyomeza nyumba yao walipunguza wenyewe bila kuambiwa. Wachache walisema kitambaa ni kidogo, waongezewe. Kitambaa kikichoka, mke wa Mzee Haule alikishona foronya. Nadhani nusu ya watoto wa mtaa wao, Mjimwema, wa wakati ule walilalia mabango yaliyokataliwa.

Jambo la pili alilonifundisha lilihusu ukuta. Asubuhi baada ya mvua alikuwa anapita anaweka kiganja kwenye kuta za maduka yale, kama mama anayempima mtoto homa. Nikamwuliza anatafuta nini.

"Nasikiliza kama zinapumua," akasema. "Hizi nyumba ni tofali la udongo lililopakwa chokaa. Zinalowa, halafu zinajikausha zenyewe. Ukiziziba zisipumue, zinaoza kama mahindi mabichi uliyoyafunga kwenye gunia la nailoni."

Kwa hiyo palikuwa na mambo mawili, msiyasahau hata kama mtasahau jina langu: usilizibe jengo lisionekane, na usilizibe lisipumue. La kwanza lilikuwa kwenye kanuni. La pili halikuandikwa popote, kwa sababu walioandika kanuni waliona ni jambo ambalo kila mtu analijua. Bibi zetu wote walijua.

Mafundi wa mabango walinipa jina la Mama Shusha, kwa kuwa neno hilo ndilo walilolisikia zaidi kutoka kinywani mwangu. Nilikuwa nikitokea kona ya mtaa, mmoja anamwambia mwenzake aliye juu ya ngazi, "Usipoteze misumari, Mama Shusha huyo." Sikukasirika. Kuna mwenye baa alichomelea chupa ya bati ndefu kuliko mlango wake, akaisimamisha juu ya paa la mwaka arobaini na kitu huko. Nilisema ishushwe. Akasema nina wivu wa maendeleo. Upepo wa mwezi wa kumi ukaishusha kwa niaba yangu, ikatua kwenye toroli la muuza ndizi, ndizi zikafa zote. Mwenye baa alikuja ofisini kuniuliza kwa nini sikumkataza kwa nguvu zaidi.

Mzee Issa nilikutana naye katika miaka yangu ya mwanzo. Aliuza vitenge na nyuzi kwenye duka la kona, na barazani kwake walikaa mafundi cherehani ambao hakuwatoza chochote zaidi ya kumwamkia asubuhi. Baba yake alitoka Tunduru na fedha ya korosho, akainunua nyumba ile kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama, akamwita fundi afinyange jina lake kwa plasta kwenye kikuta cha juu. Baba alipofariki, ndugu waligawana mikorosho kule Tunduru. Issa akapewa nyumba.

Ombi lake lilikuwa kipenu cha bati, na mikono ya chuma ya kukishikilia itobolewe kwenye nguzo za baraza. Nikatundika kitambaa, nikamvusha barabara, tukarudi nikamwambia haiwezekani. Chuma kile kingezipasua nguzo.

"Shikamoo yako nimeitikia vizuri, mwanangu," akasema, "sasa na wewe nisikilize. Mvua hainyeshi kwenye makaratasi yako. Inanyesha kwenye vitenge vyangu."

"Najua, Mzee. Lakini nguzo zikipasuka, vitenge utavitundika wapi?"

"Wewe unaipenda nyumba yangu kwa macho. Mimi hii ndiyo shamba langu. Ndugu zangu wana mikorosho, mimi nina hii. Ikiondoka sina pengine."

Alinifukuza. Kwa adabu, lakini alinifukuza. Nilirudi mara kadhaa, na mwisho tukaelewana: turubai la kufungwa kwa kamba kwenye miti minne iliyochomekwa chini mbele ya baraza, likunjwe jioni, lisiguse nguzo. Kila mvua ilipoanza mafundi cherehani walikuwa wanakimbia kulifungua wakipiga kelele kama watoto, na kila mara upande mmoja ulimwaga maji kwenye shingo ya mtu. Mzee Issa alinisimulia hayo kila nilipopita, ili nisije nikadhani amesahau nani alimkatalia bati.

Miaka ikaenda. Kila mwaka kabla ya mvua alinunua chokaa akaipaka nyumba upya. Akawa mkali kuliko mimi. Jirani yake alipotaka kutoboa nguzo, Mzee Issa ndiye aliyemshika mkono akamvusha barabara, akamwonyesha. Siku moja nilimkuta anamweka mteja kiganja ukutani anamwambia, "Sikia, inapumua." Mteja alikuwa amekuja kununua uzi. Niliwaambia wenzangu ofisini kwamba nikipata wazee watano wa namna ile, ofisi ifungwe, haitahitajika.

Mzee Haule alistaafu, na baada ya miaka michache akafariki. Tulimzika Mjimwema. Ofisi ilituma salamu na samahani, gari lilikuwa na kazi nyingine. Mzee Issa alikuja kwa baiskeli, akiwa na kanzu na kofia yake, akasimama nyuma ya waimbaji wa kwaya mpaka mwisho.

Baadaye akaja mkuu mpya. Simtaji jina, na mkimjua kaeni nalo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na kwenye kazi kama ile mwenye haraka anadhuru kuliko mbaya. Jora la marekani alilikuta kabatini akaagiza litumike kufutia magari. "Mama, siku hizi tunaona kila kitu kwenye kompyuta," akaniambia. Kwenye kompyuta yake kila bango lilikuwa zuri, kwa sababu waliolichora ni wale wanaolitaka.

Wakati huohuo kampuni moja ya vinywaji ilianza kuwapakia watu rangi bure. Mliozaliwa juzi mnadhani maduka yamekuwa hivyo tangu Adamu. Walikuja vijana na ndoo na mipini mirefu, wakapaka duka zima, nguzo, kuta, mpaka milango, rangi ya zambarau inayong'aa kama bilinganya lililopakwa mafuta. Jina la kinywaji linaandikwa kubwa kuliko mtu. Jina la mwenye duka linapewa nafasi karibu na mita ya umeme. Wenye maduka walifurahi. Mtu amepata rangi, hakutoa kitu, nani asifurahi?

Nilipeleka suala lile kwenye kamati. Nikasema, kama kibao cha hatua mbili kinahitaji kibali, ukuta mzima uliogeuzwa kibao unahitaji vibali vingapi? Wakacheka kidogo. Nikaeleza pia kwamba ni rangi ya mafuta, na chini yake kuna chokaa na udongo, kwa hiyo ukuta hautapumua.

"Nyumba inapumua?" mkuu akauliza. "Ina mapafu, Mama?"

Wakacheka zaidi. Halafu akafungua kanuni, akasoma maana ya bango kwa sauti, taratibu, kama anamsomea mtoto. Kitu kilichotundikwa, kilichosimikwa au kilichoshikizwa. Akafunga. "Rangi haijatundikwa, haijasimikwa, haijashikizwa. Rangi si bango. Haituhusu. Tuendelee."

Mjumbe aliyekaa karibu nami aliandika kwenye muhtasari, "Ilionekana kwamba rangi si bango," akapiga mstari chini. Alikuwa na mwandiko mzuri sana.

Mzee Issa hakukubali rangi ya bure. Walimfuata mara nyingi, wakamwongezea friji, akakataa na friji. Mtaa wote ukawa bilinganya, katikati nyumba moja nyeupe. Nilikuwa nikipita naiona kutoka mbali, na siwaongopei, niliringa kidogo. Nilijua ni mimi na Mzee Haule na yeye tuliofanya vile.

Kisha ukaja ugeni. Mnajua mji unavyokuwa ukisikia kuna ugeni mkubwa. Mashimo yanafukiwa, mbuzi wanafungwa, na watu waliokaa miaka bila kuulizwa habari zao wanaulizwa kwa nini hawajafyeka. Likatoka agizo kwamba maduka yote ya mtaa ule yapakwe rangi kabla ya mwisho wa wiki, atakayekaidi anafungiwa. Mzee Issa alikuwa tayari amenunua chokaa yake ya mwaka. Akaja ofisini kuuliza kama chokaa inatosha. Mkuu alimjibu akiwa amesimama mlangoni.

"Chokaa ni ya makaburini, Mzee. Wageni wanataka kuona mji unang'aa. Kampuni ipo, rangi ipo, ni bure. Wewe tatizo lako nini?"

Alipotoka alikuja mezani kwangu. Hakukaa. "Mwanangu, nifanye nini?"

"Usikubali, Mzee," nikamwambia. "Hakuna kanuni inayokulazimisha. Nitasimama na wewe."

Nilisimama naye. Nilizungumza na mkuu, nikazungumza na aliye juu ya mkuu, nikaambiwa na wote wawili nisiwaharibie ugeni. Asubuhi iliyofuata duka la Mzee Issa lilikuwa na mnyororo mlangoni. Mafundi cherehani walikuwa wamekaa nje kwenye vigoda na nguo za watu mapajani, sare za shule, gauni la harusi, cherehani zao zimefungiwa ndani. Hawakunisalimia. Mzee Issa aliwatazama, akanitazama, akasema, "Hawa wana watoto." Mchana ule akamwambia mkuu waje wapake.

Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaangalia. Walianza chini wakapanda. Jina la baba yake, lile la plasta, walilipaka mara mbili kwa sababu liliinuka na rangi ilikuwa haishiki vizuri kwenye kona za herufi.

Siku ya ugeni msafara ulikata kona kabla ya kufika mtaa wetu. Muda ulikuwa umebana, tukaambiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Labda wa kwetu alikuwa na haraka ya kumponya mwenyeji wa mbele.

Masika ya kwanza rangi ilivimba malengelenge. Ukiyabonyeza yanatoa maji. Niliweka kiganja kwenye ukuta siku ya jua kali, siku ambayo vumbi lilikuwa linatimka barabarani, nikakuta umelowa kama shati la mbeba mizigo. Nikamshauri Mzee Issa aikwangue rangi yote kabla haijawa mbaya zaidi. Yeye na mafundi wakaanza na nguzo moja, kwa visu na vipande vya bati. Wakala wa kampuni akalalamika ofisini. Ofisi ikamwandikia Mzee Issa onyo kwamba anaharibu mandhari ya mji. Mimi niliyekaa ofisi hiyohiyo, kazi yangu ikiwa ni mandhari ya mji, nilipata habari kwake.

Masika ya pili nguzo zilianza kubomoka miguuni. Asubuhi moja, kabla duka halijafunguliwa, kipande cha kile kikuta cha juu kikaanguka barazani. Hakikuumiza mtu. Kiliponda cherehani moja na kigoda.

Mhandisi aliyetumwa alikuwa kijana mwaminifu. Alichokonoa ukuta kwa bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini bila kusukumwa. Akanivuta pembeni. "Mama, hapa siwezi kusema uongo. Limeoza ndani kwa ndani. Likimwangukia mtoto wa shule, mimi na wewe tutasema nini?"

Alikuwa sahihi. Kesho yake alama ya X ilikuwa ukutani, nyekundu juu ya zambarau, na amri kwamba mwenye nyumba abomoe mwenyewe.

Nilikwenda kwenye kamati kwa mara ya mwisho nikiwa na hasira ya kweli. Nikasema Mzee huyu alitii kila tulichomwambia. Tulimkatalia bati, akatii. Tulimwamuru rangi, akatii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sasa huyu amelisikia na guu limevunjika, nani atamfunga bendeji? Nikaomba ofisi na kampuni zigharamie kuijenga tena ile nyumba.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka safari hii. "Mama, nakuelewa. Lakini ile rangi haikupita kwenye kamati hii. Kitu ambacho hakikupita kwenye kamati, kamati haiwezi kukijadili."

"Haikupita kwa sababu mlisema si bango."

"Ndiyo," akasema. "Kwa hiyo haikupita."

Waliobaki walikuwa wanatazama saa. Chai ilikuwa imeshaletwa.

Siku ya kubomoa Mzee Issa alikaa kwenye kigoda ng'ambo ya barabara, palepale nilipokuwa nikimsimamisha kuangalia kitambaa. Aliwaomba vijana wajaribu kulitoa jina la baba yake likiwa zima. Walijaribu, Mungu awabariki. Ilitoka herufi moja, na yenyewe ikavunjikia mikononi. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye.

"Unajua ninachofikiri?" akaniambia, bila ukali wowote. "Nafikiri ningeweka tu bati langu lile. Ningekaa mkavu miaka yote hiyo, na ingeanguka vilevile."

Ningekuwa na jibu ningewapa hapa. Nimelitafuta na sijalipata. Wengine watawaambia kwamba jengo lile lilidumu miaka mingi zaidi kwa sababu ya kanuni zetu, na nyie mkitaka mwaweza kuliamini hilo, litawasaidia kuamka asubuhi. Mimi nina hasira. Nina hasira na mkuu, na kampuni, na yule mjumbe mwenye mwandiko mzuri, na ugeni uliokata kona. Sioni haya kusema.

Wiki yangu ya mwisho ofisini nilipanga kutofanya kazi yoyote. Nilikuwa nakusanya vitu vyangu Mzee Issa alipobisha hodi. Alikuwa amekonda. Sasa alikuwa anauza vitenge vichache kwenye kibanda mbele ya nyumba ya mwanawe, mtaa wa Bombambili.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unaondoka. Nikasema niwahi, wa baada yako simjui." Akaweka karatasi mezani. "Kile kiwanja changu kimebaki kitupu. Kujenga siwezi tena. Wamekuja watu wanataka niwapangishe, wasimike bango kubwa, lile la nguzo ya chuma. Inshallah itanisaidia dawa na chakula."

"Wamekuja akina nani?"

Akataja kampuni. Ndiyo ileile ya rangi.

Nikaivuta karatasi. Nilikuwa natafuta sababu ya kukataa, sitawaficha. Nilitazama urefu, nikatazama umbali kutoka barabarani, nikatazama nyaya za umeme. Yote yalikuwa sawa, walikuwa wamejifunza. Lilibaki swali la mwisho, ambalo mkaguzi hulijibu kwa mkono wake mwenyewe: je, katika eneo linaloombwa kuna jengo la kale litakaloathiriwa?

Mzee Issa aliona kalamu imesimama. "Usinikatalie, mwanangu," akasema. "Safari hii sina kingine cha kukuletea."

Nikaandika, "Hakuna." Nikasaini, nikagonga muhuri.

Alikishika kibali mbali na macho, akakisoma chote kwa utulivu, akakikunja na kukitia mfukoni mwa kanzu. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akulipe," akasema. "Leo umenisaidia." Alisema kwa moyo wake wote, na hilo ndilo linaloniuma.